Mikono ya Pekua Inataka Kujua

Msichana huyu ana jina lake zuri la shuleni. Lakini nyumbani hakuna anayelitumia. Nyumbani anaitwa Pekua.

Jina hilo alipewa na baba yake. Baba ni kinyozi, na mashine ya kunyolea ndiyo jembe lake. Jioni moja aliikuta mashine hiyo iko wazi juu ya meza. Skrubu zimepangwa kwa mstari, ndogo kwa kubwa, kama watoto wanaosubiri uji.

"Nani kafanya hivi?" Baba aliuliza.

"Ni mimi, Baba," alijibu msichana. "Nilikuwa natafuta nyuki."

"Nyuki gani?"

"Mashine ikiwashwa inavuma kama nyuki. Nikasema labda wamo ndani. Lakini hawamo."

Baba alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. "Wewe mtoto unapekua kuliko kuku!" alisema. Jina likaganda hapo hapo.

Pekua ana mdogo wake wa kiume. Huyu ni mnene, ana mashavu ya mviringo, nao wanamwita Tonge. Hajaanza shule. Pekua akienda huku, Tonge yuko nyuma yake. Akienda kule, Tonge yuko nyuma yake. Mama alisema, "Mimi nilizaa mtoto, halafu nikamzalia na mkia."

Mama anafanya kazi kwenye bekari. Anakanda unga, anakata madonge, anaingiza mikate katika oveni. Akirudi nyumbani nyusi zake ni nyeupe kwa unga. Anavua viatu mlangoni, anakaa, anafumba macho. Na hapo ndipo maswali yanapoanza.

"Mama, kwa nini sabuni inatoa povu?"

"Kwa sababu ni sabuni."

"Lakini sabuni yetu ni ya bluu. Mbona povu lake ni jeupe?"

"Pekua, mwanangu, miguu yangu inawaka moto. Niache nipumue."

"Kwa nini miguu inawaka moto bila moto?"

"Pekua!"

Basi Pekua alinyamaza. Lakini swali lake halikunyamaza. Lilibaki kichwani, likizunguka kama nzi ndani ya chupa.

Shule zilifungwa. Siku moja Mama alikuwa kazini, na Baba alikuwa kwenye kibanda chake cha kunyolea, upande wa pili wa barabara. Watoto walibaki ndani wawili.

"Leo tutatengeneza povu," Pekua alimwambia Tonge. "Povu kubwa mpaka likufike kidevuni."

Tonge alipiga makofi. Tatizo likawa moja. Sabuni ilikuwa imekwisha. Pekua akafungua kijikabati kilicho chini ya sinki. Akaona chupa mbili. Moja ilikuwa na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Nyingine ilikuwa na dawa ya kusafishia choo.

Zote ni za kusafisha, aliwaza. Zikichanganywa, si ndiyo povu litakuwa maradufu?

Waliingia bafuni na beseni. Wakafunga mlango, ili povu lisitoroke. Pekua akamimina chupa ya kwanza. Akamimina na ya pili.

Povu halikuja. Ilikuja harufu. Ilikuwa harufu kali ya kuuma, kama sindano puani. Macho yakaanza kuwasha. Tonge akakohoa. Akakohoa tena, akashindwa kuacha.

"Tonge, toka! Toka!"

Pekua aliupapasa mlango huku machozi yakimtiririka. Akaufungua. Akamshika mdogo wake mkono, akamvuta mpaka uani.

Uani alikuwapo jirani yao, akianika nguo. Jirani huyu ni mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya. Anavaa miwani mikubwa, na mtaa mzima unamwita Mama Miwani. Watoto wanamwita Anti. Siku hiyo hakuwa zamuni.

Aliposikia kikohozi kile aliliacha shuka likaanguka chini.

"Kuna nini?"

"Anti, Tonge hapumui vizuri!"

Mama Miwani hakupiga kelele. Alimbeba Tonge akampeleka mbali na nyumba, mahali penye upepo. Akamkalisha wima. Akamwambia Pekua akae kando yao.

"Nitazame mimi. Mmechanganya nini?"

"Dawa ya nguo na... na dawa ya choo."

"Iko wapi?"

"Bafuni. Nikaimwage?"

"Hapana!" Mama Miwani alimshika bega. "Hakuna kurudi ndani. Ile ni hewa yenye sumu. Usiifuate."

Jirani mwingine alikimbia kumwita Baba. Baba alikuja na taulo la mteja begani. Mteja mwenyewe alikuja nyuma yake, amenyolewa upande mmoja. Wakatafuta gari, wakawakimbiza watoto kwenye kituo cha afya.

Mama Miwani alimweleza daktari majina ya zile dawa mbili. Tonge alivalishwa kifaa cha kumpa hewa safi. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa nguvu. Pekua naye aliangaliwa macho na kifua. Kisha alikaa kwenye benchi, ameikunja mikono yake kifuani, kana kwamba anaificha.

Mama alifika na kofia yake ya kazi kichwani. Alipita mbele ya Pekua bila kumwona. Akaenda moja kwa moja kwa Tonge.

Baada ya muda daktari alitoka. "Atapona," alisema. "Mmemleta mapema, na mmetueleza alichovuta. Hilo limetusaidia sana. Lakini leo atalala hapa tumwangalie."

Mama alishusha pumzi. Ndipo alipogeuka na kumwona Pekua. Hofu iliyokuwa moyoni mwake ikageuka hasira.

"Wewe! Ulitaka kumuua mdogo wako?"

"Mama, nilikuwa natafuta po..."

"Sitaki kusikia! Kuanzia leo hakuna kugusa kitu. Hakuna kufungua, hakuna kuchanganya. Na maswali yako hayo, sitaki hata moja. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mama," Pekua alisema.

Na alielewa kweli. Alielewa kupita kiasi.

Tonge alirudi nyumbani, mashavu yake yakarudi pia. Lakini Pekua hakurudi. Alikuwapo, ila hakuwapo. Alikaa sebuleni, mikono kaikalia. Redio ya jirani iliharibika, hakuenda kuchungulia. Mvua ilinyesha huku jua likiwaka, hakutoka nje.

Mwanzoni Mama alifurahi. "Unaona?" alimwambia Baba. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nilimkemea, sasa ametulia."

Baba alikuna kidevu. "Ametulia," alisema. "Lakini hata kibandani kwangu haji tena. Wateja wanamuulizia."

Asubuhi moja Mama alikuwa mapumzikoni, anakunja nguo chumbani. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alimsikia Tonge sebuleni.

"Dada, kwa nini mchwa wanapita mstari mmoja?"

Mama alisubiri. Siku zote Pekua alikuwa na jibu la swali kama hilo, au angalau alikuwa na maswali mengine kumi ya kuliongezea.

"Usiulize," Pekua alisema kwa sauti ndogo. "Ukiuliza, mtu anaumia."

Nguo ilimponyoka Mama mkononi. Alikaa kitandani. Akaona kwamba kuna kitu amekivunja, naye hakukusudia kukivunja.

Jioni ile alipiga hodi kwa Mama Miwani.

"Karibu, mwenzangu. Tonge anaendeleaje?"

"Tonge mzima. Nimekuja kwa ajili ya dada yake." Mama alimweleza yote.

Mama Miwani alimwekea chai. "Hukukosea kuogopa," alisema. "Mimi mwenyewe nilitetemeka siku ile. Sasa nikuulize kitu, usinikasirikie. Zile chupa zilikuwa wapi?"

"Chini ya sinki."

"Na leo ziko wapi?"

Mama alikumbuka. Baba alikuwa amelimwaga lile beseni, wakanunua chupa nyingine mpya. Wakaziweka wapi? "Chini ya sinki," alisema polepole.

"Maswali umeyafungia, mwenzangu. Sumu umeiacha wazi."

Mama alijishika kichwa. "Ee Mungu wangu. Mimi mtu mzima!"

"Usijilaumu sana. Nyumba nyingi ndivyo zilivyo. Tuanze na hilo. Dawa zote za kusafishia ziwekwe juu, mahali mtoto hafiki hata akipanda kiti. Penye kufuli ni pazuri zaidi. Zibaki kwenye chupa zake zenyewe. Usiweke dawa kwenye chupa ya soda, mtoto ataona soda. Na hizi mbili zisikutane kamwe, hata mikononi mwako wewe."

"Hata mimi nisichanganye?"

"Hata mimi wa maabara sichanganyi. Zikikutana zinatoa hewa inayochoma mapafu."

"Basi na Pekua je? Nimruhusu aendelee kupekua?"

"Mtoto ni kama maji ya mvua. Ukiyazibia mbele yatapita pembeni, tena gizani usipoyaona. Yachimbie mfereji, yatamwagilia bustani. Tonge hakuumia kwa sababu Pekua aliuliza. Aliumia kwa sababu walikuwa peke yao, bila mtu mzima wa kuwaonya."

Mama alizungusha kikombe. "Lakini mimi sayansi siijui. Shule niliiacha mapema."

Mama Miwani alicheka. "Unaoka mikate kila siku, halafu unasema sayansi huijui? Jumamosi hii nitakuja kwako. Usinunue kitu. Hamira unayo?"

"Hamira! Nyumba nzima inanuka hamira."

"Na sukari, na chupa tatu tupu za maji. Maputo nitaleta mimi. Na Baba Pekua awepo."

Baba alipoambiwa, aliguna. "Mtoto ametoka kutulia juzi tu, mnataka kumwamsha? Samaki mkunje angali mbichi."

"Mkunje, Baba Pekua," Mama Miwani alimjibu kutoka dirishani. "Ila usimvunje."

Jumamosi ilifika. Chupa zilisimama juu ya meza ya jikoni, safi, zikiwa zimepangwa. Kabati jipya lenye kufuli lilikuwa juu ukutani, na Baba ndiye aliyelipigilia misumari. Tonge alikuwa tayari amepanda kiti. Pekua alisimama mlangoni. Hakuingia.

"Njoo, mwanangu," Mama alisema.

"Ulisema nisiguse."

Mama alimfuata mlangoni, akachuchumaa mbele yake. Akaishika mikono yake yote miwili.

"Nilisema hivyo kwa sababu niliogopa sana," alisema. "Mikono hii haina kosa. Wewe ndiye uliyemtoa Tonge mle bafuni kwa mikono hii. Sikukwambia asante. Asante, mama yangu. Nataka uulize tena. Lakini tuulize pamoja."

Pekua alimtazama usoni kwa muda, kama mtu anayepima maji kwa kidole. Kisha akaingia.

Mama Miwani alipandisha miwani yake. "Kwanza, kanuni zetu," alisema. "Hatufanyi jaribio bila mtu mzima. Hatuonji kitu. Dawa za kusafishia hatugusi. Moto na kisu ni kazi ya mtu mzima. Tukimaliza, tunanawa mikono. Nani ataniambia kanuni ya pili?"

"Hatuonji!" Tonge alipaza sauti, huku kidole kimeshaingia kwenye sukari. Baba akakitoa.

Chupa ya kwanza waliitia hamira, sukari na maji ya vuguvugu. "Yawe kama ya kumwogeshea mtoto mchanga," Mama Miwani alisema. Mama akayapima kwa mkono wake. Chupa ya pili waliitia hamira na maji hayo hayo, lakini sukari hawakuitia. Ya tatu waliitia hamira na sukari, lakini maji yalikuwa ya baridi sana. Pekua ndiye aliyemimina. Kila chupa ikavikwa puto mdomoni.

"Puto haliingii kinywani, Tonge. Linaweza kukukaba," Mama Miwani alionya. "Sasa, kabla hatujaona, kila mtu abashiri. Puto gani litajaa?"

"La njano," Tonge alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni la njano."

"La chupa ya baridi," Baba alisema. "Mimi mwenyewe huwa sichangamki mpaka ninywe kitu baridi."

"Yote matatu," Mama alisema. "Hamira ni hamira."

Wakamgeukia Pekua. Walimsubiri. Mama Miwani hakumsaidia, na alimkanyaga Mama mguu chini ya meza ili naye asimsaidie.

"La chupa ya kwanza," Pekua alisema hatimaye. "Mama akikanda unga hapa nyumbani, bakuli huliweka karibu na jiko. Halafu lazima aweke sukari kidogo. Sijui kwa nini. Lakini hasahau."

"Haya. Tusubiri tuone."

Walikunywa chai. Walisahau chai. Puto la chupa ya kwanza lilianza kusimama, kama mzee anayeinuka kutoka kitini. Likajinyoosha. Likavimba. La pili lililegea, likapata pumzi kidogo tu. La tatu lilining'inia kama soksi.

"Limejaa!" Pekua aliruka. "Limejaa! Nani analipuliza? Anti, nani yuko ndani?"

Baba alitazama puto, akamtazama mkewe. "Mama Pekua, hii kitu kumbe ina mapafu?"

"Hamira ni viumbe hai vidogo mno," Mama Miwani alieleza. "Macho yetu hayavioni. Vinakula sukari, na vikila vinatoa hewa. Hewa hiyo ndiyo imejaza puto. Kwenye baridi vinazubaa. Bila sukari havina cha kutosha kula. Na ndani ya unga hewa hiyo hiyo inanaswa, unga unaumuka."

Mama alikuwa amesimama. Alikata kipande cha mkate, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Basi haya matundu," alisema taratibu, "ni mahali hewa ilipokaa?"

"Ndiyo."

"Siku zote ninayaona. Sijawahi kuuliza." Akampa Pekua kile kipande. "Umenishinda, mwanangu. Wewe ulibashiri kwa macho yako."

Pekua alitazama matundu. Kisha akamuuliza Mama swali la kwanza tangu siku ile mbaya. "Na maji yakiwa ya moto kabisa, itakuwaje?"

Mama alikuwa karibu kujibu. Akajizuia. "Unadhani itakuwaje?" aliuliza. "Birika nitashika mimi."

Mama Miwani aliwaambia habari ya klabu ya sayansi. Kila Jumamosi alasiri yeye na mwalimu mmoja walikutana na watoto katika ukumbi wa maktaba. Vifaa vyao vilikuwa chupa, maboksi, nyuzi, sumaku, mbegu na udongo. Watoto walijenga madaraja ya karatasi na kuyapakia mawe mpaka yaanguke. Walipanda maharage gizani na kwenye mwanga, wakalinganisha.

"Je, hiyo haitamwondoa kwenye masomo?" Baba aliuliza. Alikuwa bado na wasiwasi.

"Itamrudisha kwenye masomo. Darasani anasikia neno. Pale anakishika kitu chenyewe. Mtoto akishika, hasahau. Na wewe Baba Pekua tunakuhitaji. Nani atawafundisha namna ya kufungua mashine bila kupigwa na umeme?"

Baba alinyoosha mgongo. "Kwanza unachomoa waya," alisema. "Tena unahakikisha umechomoa."

"Umeajiriwa," Mama Miwani alisema.

Siku ya kwanza ukumbini haikuwa rahisi. Kila kundi lilitengeneza chujio la maji. Mwalimu alizikata chupa, watoto wakapanga pamba, mchanga na changarawe. Kisha walimimina maji ya tope. Kundi la Pekua lilisubiri. Maji yalitoka chini. Yalikuwa machafu kuliko yalivyoingia.

"Hao wametengeneza chai!" mtoto mmoja alisema. Ukumbi ukacheka.

Macho ya Pekua yalijaa machozi. Alianza kuikunja mikono yake kifuani. Mama alikuwa amekaa nyuma pamoja na wazazi wengine. Alitaka kuinuka. Lakini Mama Miwani alikuwa amefika.

"Vizuri sana," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kundi hili limepata kitu cha kuchunguza. Uchafu umetoka wapi?"

Pekua alifuta macho. Alichukua mchanga kidogo, akautia ndani ya kikombe cha maji, akatikisa. Maji yakawa ya kahawia.

"Umetoka kwenye mchanga wenyewe," alisema. "Hatukuuosha."

Waliuosha mchanga mpaka maji yake yakawa meupe. Wakaupanga upya. Safari hii maji yalidondoka polepole, tone kwa tone, nayo yaling'aa. Mtoto aliyecheka alikuja kuuliza wamefanyaje.

Tonge alikuwa na kiu. Alinyoosha mkono akinge.

"Hapana, Tonge!" Pekua alimwahi. "Yanang'aa, lakini si salama. Anti, si ndivyo?"

"Ndivyo. Tope limebaki juu, lakini vijidudu vimepita. Mimi huviona kazini kwa hadubini. Maji ya kunywa lazima yachemshwe."

Kuanzia hapo Jumamosi ikawa siku ya Pekua. Nyumbani alikuwa na sanduku lake la majaribio. Kila jambo jipya alianza kwa kusema, "Mama, naomba tujaribu." Mara nyingine Mama alichoka, akasema, "Kesho, mwanangu." Na kesho ilipofika, alitimiza. Shule zilipofunguliwa, mwalimu wa darasa alisema Pekua haulizi tu, anasikiliza majibu pia. Katika mtaa, Mama alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia wenzake wapandishe dawa zao juu. Alisimulia yaliyompata bila kuficha. Wengine walikwenda kutazama chini ya sinki zao wakati yeye bado yuko mlangoni.

Halafu Mama alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alimwendea bosi wake wa bekari. Bosi huyu ni bwana mkubwa wa mwili, mpole wa sauti, mwenye mikono kama makafi ya mtumbwi. Mama alimwomba klabu ije kutazama mikate inavyotengenezwa.

"Watoto? Karibu na oveni zangu?" bosi aliuliza.

"Nitachora mstari wa chaki sakafuni. Hakuna atakayeuvuka. Nitasimama hapo mwenyewe."

Bosi alifikiri. "Walete," alisema.

Walikuja wamenawa, wamevaa kofia za karatasi. Mama alisimama mbele yao na aproni yake. Mwanzoni sauti ilikuwa ndogo, kisha ikakolea. Alieleza hamira inakula nini na inatoa nini. Alikata donge lililoumuka, akawaonyesha matundu.

Katika klabu alikuwapo msichana mmoja mwembamba ambaye alikuwa hajawahi kusema neno. Siku hiyo aliinua kidole nusu, akakishusha. Mama alikiona.

"Sema, mwanangu. Hakuna swali baya hapa."

"Kwa nini..." msichana alianza. "Kwa nini mkate nje ni wa kahawia na ndani ni mweupe?"

Wafanyakazi wa bekari waliacha kukanda wakamtazama Mama. Bosi naye alitazama. Mama alimgeukia msichana.

"Sijui," alisema wazi. "Sijui kabisa. Nyinyi mnadhani kwa nini?"

"Moto unagusa nje kwanza!" mmoja alisema.

"Ndani kuna majimaji," alisema Pekua. "Labda penye maji mengi hapawi kahawia."

"Tutajuaje?" Mama aliuliza.

Kulikuwa na kelele ya mawazo. Mwishowe yule msichana mwembamba alisema tena, safari hii kwa sauti. "Tuoke donge moja. Lingine tulipike kwa mvuke. Mvuke ni maji."

Mama akachukua madonge mawili yaliyo sawa. Moja aliliingiza katika oveni. Lingine aliliweka juu ya sufuria ya maji yanayochemka, akalifunika. Walisubiri wote, watoto na wafanyakazi, nyuma ya mstari wa chaki. Yalipotolewa, la oveni lilikuwa la kahawia, lina ganda la kuvunjika. La mvuke lilikuwa jeupe kila mahali, laini kama shavu la Tonge.

Watoto walishangilia. Mama Miwani aliwaeleza kwamba mvuke wa sufuria haupati joto kali kama la oveni. Ganda la nje hukauka na kupata joto hilo kali, ndipo linakuwa kahawia. Ndani kuna majimaji, kwa hiyo hapafikii joto hilo. Kisha waligawana madonge yote mawili, mpaka makombo.

Watoto walipoondoka, Mama alichukua kitambaa akaanza kufuta mstari wa chaki. Bosi alikuja, akasimama karibu naye. Alikuwa kama mtu aliyepoteza kitu sakafuni.

"Mama Pekua," alisema kwa sauti ya chini. "Na mimi nina swali langu. Ninalo tangu nilipoanza kazi hii kijana. Niliona aibu kuuliza, watu watasema mwoka mikate gani huyu."

"Uliza, bosi."

"Hivi kwa nini mkate ukilala unakuwa mgumu?"

Mama aliacha kufuta. Alivuta vigoda viwili, akaketi, akamwonyesha bosi naye aketi.

"Wewe unadhani kwa nini?" alimuuliza.